Kutaja Chanzo Darasani: Maswali ya Walimu na Wazazi wa Arusha na Moshi

Ukurasa huu ni wa mwalimu anayefundisha kuanzia darasa la tatu hadi kidato cha nne, na wa mzazi anayeletewa kazi ya mradi saa mbili usiku. Jambo moja litajirudia humu: mtoto haanzi kuiba maandishi anapoandika insha. Anaanza siku kadhaa nyuma, pale anapochukua dondoo bila kuandika zimetoka wapi. Ikifika siku ya kuandika, hata yeye mwenyewe hajui tena maneno yapi ni yake.

Wizi wa maandishi ni nini, kwa lugha ya mtoto wa miaka tisa?

Ni kutoa maneno, wazo au picha ya mtu mwingine kana kwamba ni yako. Mtoto anaelewa vizuri kwamba jembe la kuazima lina mwenyewe. Asichokijua ni kwamba sentensi nayo ina mwenyewe, na sababu ni sisi. Siku nzima ananakili ubaoni, na anayenakili vizuri ndiye anayesifiwa. Kisha siku moja anapewa mradi, ananakili vilevile alivyozoeshwa, anaambiwa ameiba. Kwa hiyo, kabla ya jambo lingine lolote, tenganisha kazi hizo mbili kwa majina. Kunakili notisi ni kutunza maneno ya mwalimu ili uyasome baadaye. Kuandika ripoti ni kumweleza msomaji ulichokielewa na aliyekueleza. Andika majina hayo mawili juu ya ubao kila unapotoa kazi, hadi watoto wawe wanauliza wenyewe, "Hii ni notisi au ripoti?"

Waanze darasa la ngapi?

Kwa mdomo, waanze awali. Mtoto wa miaka mitano akisema "twiga analala amesimama," muulize tu, "Umejuaje?" Akijibu "kaniambia kaka" au "nimeona kwenye kitabu chenye picha ya twiga," ameshataja chanzo. Darasa la tatu na la nne waandike jina la kitabu na la mwandishi chini ya kazi. Kuanzia darasa la tano wanaweza kubeba mambo matano: nani, kitabu gani, mwaka gani, nani amechapisha, ukurasa wa ngapi. Kutaja chanzo ndani ya sentensi, pamoja na orodha ya marejeo mwishoni, kunafaa kuanzia kidato cha kwanza. Ukimpa mtoto wa darasa la nne mabano, nukta na mkato kwa pamoja, atashika nukta na kusahau kwa nini anaandika.

Dondoo zichukuliwe vipi ili wizi usitokee?

Hapa ndipo muda wako uende.

Tumia kadi. Karatasi moja ya manila ukiikunja mara nne unapata vipande 16. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja kadi nne, linahitaji kadi 160, yaani manila kumi. Manila zikikosekana, daftari la kawaida lililopigwa mistari miwili ya wima linatosha.

Juu ya kadi kinaandikwa chanzo kabla ya kusoma sentensi ya kwanza: mwandishi, jina la kitabu, mwaka, mchapishaji. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko zote. Mtoto anasema ataandika mwishoni. Mwishoni kitabu kimerudi maktaba ya mkoa au kipo kwa mwenzake, basi anabuni au anaandika "kitabu cha jiografia."

Kisha kadi inagawanywa pande mbili. Kushoto yanakaa maneno ya mwandishi yenyewe, kwa kalamu ya bluu, ndani ya alama za mtajo, na namba ya ukurasa pembeni. Kulia yanakaa maneno ya mwanafunzi, kwa penseli. Tofauti ya rangi si urembo. Baada ya wiki mbili mtoto akifungua kadi, rangi ndiyo itakayomkumbusha kipi si chake.

Upande wa penseli unajazwa kwa kufunga kitabu. Soma aya moja, kifunge, kiweke chini ya dawati, mweleze jirani yako kwa sentensi mbili, halafu ndipo uandike. Mkifanya hivi kwa aya tatu, kipindi cha dakika 40 kimekwisha, na hilo si tatizo. Watoto wataomba kuchungulia. Waruhusu wachungulie jina la mtu, la mahali au tarakimu tu, kisha wafunge tena.

Kosa la kawaida: mwanafunzi anajaza kushoto tu. Weka kiwango, dondoo moja ya maneno ya mwandishi kwa kadi, isiyozidi mistari miwili. Ukiona kushoto kumejaa na kulia kuna neno moja, mrudishe kwenye kitabu. Hajaelewa alichosoma, na asichokielewa atakinakili tu.

Mwanafunzi amebadilisha maneno yote. Bado ni wizi?

Mara nyingi ndiyo. Chukua aya hii, tuliyoitunga kwa ajili ya mfano (kihamba ni shamba la nyumbani la Wachagga):

"Katika kihamba, migomba huipa mibuni kivuli. Majani makavu ya migomba yakiachwa chini huzuia udongo usikauke haraka, na hivyo mibuni hustahimili jua la Januari."

Mwanafunzi anaandika:

"Ndani ya kihamba, migomba huipatia mikahawa kivuli. Majani yaliyokauka ya mgomba yakibaki chini hukinga ardhi isikauke upesi, hivyo mikahawa huvumilia joto la Januari."

Amebadilisha maneno mengi, lakini mifupa ni ileile: mawazo yaleyale, kwa mpangilio uleule, sentensi kwa sentensi. Amevua shati la mwandishi akapaka rangi, akalivaa. Hata akiweka jina la mwandishi mwishoni, msomaji ataamini kwamba usemi ni wa mwanafunzi.

Linganisha na hii:

"Mgomba unaulinda mbuni kwa njia mbili: juu unautilia kivuli, chini majani yake yanatunza unyevu wa shamba wakati wa kiangazi (jina la mwandishi, mwaka, uk. 12). Nyumbani kwetu pia majani ya migomba huachwa shambani, hayachomwi."

Hapa mwanafunzi amelifumua wazo na kulisuka upya. Angalia pia mabano yamekaa wapi: baada ya wazo la kuazima, kabla ya jambo aliloliona mwenyewe. Watoto wengi hurundika mabano mwishoni mwa aya, na hapo msomaji anadhani hata habari za nyumbani kwao zimetoka kitabuni. Wanajinyima haki yao wenyewe.

Walimu wengine hutumia kipimo cha maneno manne au matano mfululizo yanayofanana. Kwa Kiswahili kipimo hicho ni kirefu mno. Neno letu moja, kama "hawakutuonyesha," linabeba sentensi nzima. Sisi tunapendekeza maneno matatu, ukiacha majina kama Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo hayana namna nyingine ya kuandikwa. Ila aya ya yule mwanafunzi aliyebadilisha maneno tu inapita hata kipimo hicho, kwa hiyo usikitegemee peke yake. Mwulize mwanafunzi: ukiyapanga mawazo yako na ya kitabu kwa namba, namba zinafuatana vilevile?

Je, kila sentensi lazima iwe na chanzo?

Hapana, na mtoto anayetaja chanzo kila mstari hajaelewa kazi. Yale yanayojulikana na kila mtu hayahitaji: Kilimanjaro ni mlima mrefu kuliko yote Afrika, Arusha ipo kaskazini mwa Tanzania, maji huchemka. Kinachohitaji chanzo ni tarakimu mahususi, maoni, maelezo ya sababu, na jambo lolote ambalo vitabu vinatofautiana.

Kwa kutofautiana, mifano mizuri ipo mlangoni. Mlima Meru utaukuta umeandikwa mita 4,562 kwenye kitabu kimoja na 4,566 kwenye kingine. Urefu wa Kilimanjaro unaofundishwa shuleni ni mita 5,895, lakini vipimo vya setilaiti vya 1999 na 2008 vilitoa takriban mita 5,892. Mwanafunzi aliyetaja chanzo chake hawezi kuonewa na mwalimu mwenye kitabu tofauti.

Mfano mzuri zaidi ni Azimio la Arusha. Mmoja ataandika Januari 1967, mwingine tarehe 5 Februari 1967, nao wataanza kubishana. Wote wana hoja: Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari na kulipitisha, na likatangazwa tarehe 5 Februari. Wape kazi ya kutafuta kila mmoja kitabu chake kilisema nini hasa, kwamba Azimio lilipitishwa au lilitangazwa. Kwa somo hilo moja wataona faida ya chanzo kuliko kwa mahubiri ya muhula mzima.

Orodha ya marejeo inaandikwaje?

Umbo linalofaa shule nyingi ni hili: jina la mwisho la mwandishi, mkato, herufi za mwanzo za majina yake mengine, mwaka kwenye mabano, jina la kitabu kwa italiki (kwa mkono, pigia mstari), mji, nukta mbili, mchapishaji. Orodha inapangwa kwa alfabeti. Ndani ya maandishi unabaki na jina, mwaka na ukurasa.

Mtindo wa marejeo wa APA (Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), kuanzia toleo lake la saba la 2019, umeacha kutaja mji wa mchapishaji. Vitabu vingi vya Kiswahili bado vinautaja. Hakuna dhambi upande wowote. Shule ichague njia moja, iandike kwenye karatasi moja, iibandike kila darasa. Kinachowavuruga watoto ni mwalimu wa Historia kudai hivi na wa Kiswahili kudai vile.

Habari hizi hazitoki kwenye jalada. Zipo nyuma ya ukurasa wa kwanza wa ndani, penye alama ya hakimiliki. Hapo mwaka unawatatiza wengi, kwa sababu huwa ipo miaka mitatu au minne. Kitabu kikisema toleo la kwanza 2019, kimechapwa tena 2021 na 2022, mwaka unaotakiwa ni 2019, kwani kuchapwa tena hakubadilishi maneno. Likiwepo toleo la pili la 2022, andika 2022 na utaje kuwa ni toleo la pili, maana hapo maneno na kurasa huenda vimebadilika.

Kitabu kisicho na jina la mtu, kama vile vingi vya kiada, mwandishi wake ni taasisi: andika Taasisi ya Elimu Tanzania mahali pa jina. Mwaka usipoonekana popote, andika "bila mwaka." Usikisie.

Wanafunzi wanaandika "Google" kama chanzo. Inatosha?

Haitoshi. Google ni dalali. Dalali anakuonyesha nyumba, lakini hati haina jina lake. Mwanafunzi afungue ukurasa wenyewe na aandike vitu vinne: nani ameandika (mtu au taasisi), kichwa cha makala, anwani ya ukurasa, na tarehe aliyousoma. Tarehe ni muhimu kwa sababu ukurasa wa leo unaweza kubadilishwa kesho.

Wikipedia ya Kiswahili inafaa kuanzia, haifai kuishia. Mfundishe ashuke chini kwenye marejeo ya makala, atafute mojawapo, asome huko.

Picha nazo zina mwenyewe. Picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iliyopakuliwa iwe na mstari chini yake unaosema imepigwa na nani na imetoka ukurasa gani. Jina lisipopatikana, njia rahisi ni mtoto achore mwenyewe. Ukiwa Moshi asubuhi isiyo na mawingu, mlima wenyewe upo dirishani.

Kazi inachapishwa steshenari na anwani ya tovuti haionekani. Tufanyeje?

Mtoto amwambie mhudumu mambo mawili. La kwanza, wakati wa kuchapa aweke tiki kwenye kipengele kinachochapa anwani na tarehe pembezoni mwa karatasi. Programu nyingi za kuperuzi zinacho. La pili, asinakili maneno kwenda kwenye faili jipya kabla ya kuchapa, kwa sababu hapo ndipo anwani inapopotea. Kwa fotokopi za kitabu, alipie kurasa mbili za ziada: ukurasa wa jina la kitabu na ule wa nyuma yake. Bila hizo, sura nzima aliyoitoa kopi ni yatima.

Bibi au mzee wa ukoo anaweza kuwa chanzo?

Anaweza, na kwa mada kama mifongo (mifereji ya asili) ya maji ya Wachagga au mila za Wameru, mara nyingine ndiye chanzo bora kuliko kilichopo maktaba. Mwanafunzi aombe ruhusa kwanza, kwa heshima, amweleze kwamba maneno yake yataandikwa na kusomwa shuleni. Aandike jina kama mzee mwenyewe anavyotaka litajwe, kwamba ni mahojiano ya ana kwa ana, mahali na tarehe. Mzee asiyependa jina lake litajwe, andika "mkulima wa Machame, mahojiano," na tarehe. Akirudi nyumbani asome alichoandika mbele ya mzee huyo. Mara nyingi mzee atasahihisha jambo moja au mawili.

Methali haina mwandishi wa kumtaja, na Kiswahili kilishalitatua hilo zamani: tunasema "wahenga walisema." Huko ni kutaja chanzo. Waonyeshe watoto kwamba jambo hili halikuja na mabano ya Kizungu. Lakini ubeti wa shairi una mtunzi, na mtunzi hutajwa.

Kitabu ni cha Kiingereza, yeye ameandika kwa Kiswahili. Si maneno yake sasa?

Tafsiri ni yake, wazo si lake. Chanzo kitajwe kilekile cha Kiingereza. Akitafsiri sentensi nzima neno kwa neno, aiweke ndani ya alama za mtajo na aongeze "tafsiri yangu." Swali hili linawahusu zaidi wa sekondari, wanaosoma Biolojia kwa Kiingereza na kuandika insha za Kiswahili kuhusu mambo yaleyale. Wengi wao hawajawahi kuambiwa na mtu.

Akili mnemba je?

ChatGPT, programu ya akili mnemba inayojibu maswali na kuandika, ilifunguliwa kwa umma Novemba 2022, na masharti yake yanataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, na aliye chini ya 18 awe na ruhusa ya mzazi. Kwa shule ya msingi jibu linaishia hapo. Kwa sekondari, mwanafunzi aseme aliitumia kwa nini: kupata maswali ya kuanzia, kukagua tahajia, au kueleza neno gumu. Kuikabidhi insha nzima na kuweka jina lako juu ni wizi uleule.

Hatari yake kubwa kwa somo hili ni kwamba programu hizi hubuni vitabu. Hutoa jina la mwandishi, mwaka na mchapishaji, vyote vikionekana sawasawa, na kitabu hakipo. Kanuni iwe fupi: usiandike kwenye marejeo kitu ambacho hujakishika au kukifungua mwenyewe.

Nitajuaje kazi imenakiliwa, na nimfanye nini mtoto?

Dalili za kalamu zinajulikana. Tarakimu ndani ya mabano ya mraba, kama [3], zilizoandikwa kwa mkono katikati ya sentensi, maana yake Wikipedia imenakiliwa pamoja na alama zake. "Kama tulivyoona katika sura iliyopita" kwenye insha ya ukurasa mmoja. Maneno mazito mfululizo, halafu kosa la upatanisho wa ngeli kwenye sentensi inayofuata.

Lakini dalili si ushahidi. Mwite pembeni, mfunike kazi yake, mwombe akueleze sentensi mbili ulizozichagua. Akieleza vizuri, ameelewa na amekosea kutaja tu. Akishindwa, mwombe kadi zake za dondoo. Zisipokuwepo, kazi irudi mwanzo, kwenye kadi, na apewe siku tatu. Usimtaje mbele ya darasa na usimchape. Kosa la kwanza la mtoto wa darasa la tano ni la mtu ambaye hajafundishwa, na aibu humfundisha kuficha vizuri zaidi. Anayerudia baada ya kufundishwa, ndipo alama zipungue na mzazi aitwe.

Zaidi ya yote, toa alama kwa kile unachokitaka. Kwa kazi ya alama 20, sisi tungeweka 6 kwenye kadi za dondoo, 4 kwenye marejeo na 10 kwenye insha yenyewe. Kusanya kadi wiki moja kabla ya insha. Hatua hiyo peke yake inaondoa sehemu kubwa ya unakili, kwa kuwa hakuna tena usiku mmoja wa kufanya kila kitu.

Mzazi asaidie kiasi gani?

Asaidie kutafuta kitabu, amsikilize mtoto akieleza, amwulize "umejuaje?" Asishike kalamu. Sentensi iliyoandikwa na baba inajulikana, na mtoto anajifunza kwamba kazi ya kuazima inapendwa kuliko yake.

Kutaja chanzo kunaondoa suala la hakimiliki?

Hapana, ni mambo mawili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na COSOTA ndiyo ofisi inayohusika. Kunukuu kifungu kifupi kwa ajili ya kujifunza kunaruhusiwa ukitaja chanzo. Kutoa kopi kitabu kizima na kukiuza hakuruhusiwi, hata jina la mwandishi likiwa kubwa juu ya jalada. Na kazi ambayo muda wake wa ulinzi umekwisha bado inatajwa, maana sheria imeachia kopi, haijafuta jina.

Tumewapeleka watoto Makumbusho ya Azimio la Arusha. Maelezo ya ukutani yanatajwaje?

Andika jina la makumbusho mahali pa mwandishi, kisha kichwa cha bango au maelezo ya kifaa, neno "maonyesho," Arusha, na tarehe mliyotembelea. Wapeni watoto kadi kabla hawajaingia, si baada ya kutoka, na kila mmoja achague bango moja tu.